Juu ni slabu, hakuna dari: Hivi ndivyo utafunga kamera za usalama bila kuvuruga nyumba

Pikipiki inalala nje ya mlango, mtungi wa gesi uko kwa balkoni, na kila wiki kwa grupu ya WhatsApp ya ploti kuna mtu analia ameibiwa. Umeamua inatosha, unataka kamera. Unaingia YouTube kujifunza, na kila fundi unayemwona ni Mmarekani anayetambaa ndani ya dari akivuta kebo kutoka chumba hadi chumba.

Wewe ukiangalia juu unaona slabu. Juu ya slabu kuna jirani anayesukuma viti saa sita usiku. Hata wale walio na jipsamu maridadi, mara nyingi hakuna tundu la kupanda. Usife moyo. Kazi hii inafanyika vizuri tu, mradi uelewe njia ambazo kebo inaweza kupita.

Ruhusa kwanza, drili baadaye

Kama umepanga, ongea na landilodi au keateka kabla ya kugusa ukuta. Mpate kwa ujumbe ulioandikwa ili siku ya kuhama asikukate dipoziti akidai hakujua. Mwonyeshe mahali pa kutoboa na umweleze mashimo yatazibwa vipi.

Kisha chora ramani kwa karatasi: mlango, madirisha, soketi, rauta, na pale unapotaka kamera ione. Urefu mzuri ni kati ya mita 2.5 na 3. Chini ya hapo mtu ataifikia kwa mkono na kuigeuza. Juu sana utapata picha safi za kofia za watu, lakini sura huzioni.

Usiielekeze mashariki au magharibi ukiweza. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hivyo jua la asubuhi na la jioni litaipiga machoni karibu mwaka mzima.

Waya au Wi-Fi?

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kamera ya Wi-Fi haina kebo ya data, lakini bado inakula stima. Kama si ya betri au sola, lazima kuwe na waya wa umeme unaoifikia. Pia, kuta za mawe huchosha Wi-Fi, na ghorofa yenye rauta 30 ina msongamano wa mawimbi kama Thika Road saa kumi na mbili jioni.

Njia tulivu zaidi ni PoE, ambapo kebo moja ya mtandao hubeba data na umeme pamoja. Kebo hiyo inaweza kwenda hadi mita 100, na swichi ya kawaida ya PoE hutoa wati 15.4 kwa kila tundu, kiasi kinachotosha kamera nyingi za nyumbani. Faida kubwa ni kwamba huhitaji soketi nje, mahali mvua inaponyesha.

Ukinunua kebo, kwaruza waya mmoja kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ni ya bei rahisi, lakini kwa PoE ya umbali mrefu hupoteza nguvu na kupata joto. Dai shaba tupu.

Njia nne za kupitisha kebo

Ya kwanza ni shimo lililopo tayari. Angalia pale kebo ya intaneti au ya dishi ilipoingilia. Mara nyingi kuna nafasi ya kebo moja zaidi, na hutatoboa kitu.

Ya pili ni dirisha. Kuna kebo bapa, nyembamba kama utepe, inayopita kwenye fremu na dirisha likafungwa kama kawaida. Huyu ni rafiki wa mpangaji. Uitumie kwa kipande kifupi cha kupita dirishani pekee.

Ya tatu ni kuzunguka nje. Kebo inatoka mara moja tu, kisha inafuata ukuta ndani ya kondiuti ya PVC iliyofungwa kwa klipu, ikipita chini ya balkoni au kando ya ubao wa ukingo wa paa. Usiiache uchi. Ganda la kebo ya ndani hupasuka likipigwa na jua muda mrefu.

Ya nne ni trankingi, ule mfereji wa plastiki wenye kifuniko. Uipitishe kwenye kona ya ukuta na slabu, au juu ya ubao wa chini ya ukuta, kisha uipake rangi ya ukuta. Wageni hata hawataiona.

Kokote inakopita, tenganisha kebo ya data na nyaya za stima kwa sentimita 20 hadi 30. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba.

Ukilazimika kutoboa

Nyaya zilizofichwa ukutani kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwa soketi na swichi. Usitoboe juu wala chini yake. Zima stima kwenye meni swichi, tumia drili ya betri, na uvae miwani. Usiguse nguzo wala boriti. Ndani kuna vyuma vinavyobeba jengo zima.

Tumia drili ya nyundo na biti ndefu ya sentimita 30 hivi. Toboa ukianzia ndani, ukiinamisha biti kidogo ili upande wa nje uwe chini. Mvua itateremka nje badala ya kuingia sebuleni. Pitisha kebo kabla ya kuifunga kichwa chake cha plastiki, na shimo la milimita 8 litatosha. Ukisubiri hadi kichwa kifungwe, utahitaji shimo karibu mara mbili. Mwishoni, ziba pande zote kwa silikoni.

Nje, maungio yote yakae ndani ya boksi lisiloingiza maji, si kuning'inia hewani. Kabla ya kebo kuingia kwenye boksi au ukutani, iache ishuke kidogo kisha ipande, ili matone yaangukie pale chini. Kamera yenyewe iwe na alama ya IP66 au IP67. Ukiwa Mombasa au Malindi, tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya bahari haina huruma.

Kazi yoyote ya kuongeza soketi au kugusa meni, mwachie fundi wa stima aliye na leseni ya EPRA. Kuokoa pesa kidogo hapo kunaweza kukugharimu maisha.

Stima ikipotea, mwizi yuko macho

Giza likiingia mtaani, kamera ikizima imekusaidia nini? Weka UPS ndogo inayobeba rekoda, swichi na rauta pamoja.

Piga hesabu ya hifadhi pia. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula GB 21 hivi kwa siku. Kamera nne zitajaza diski ya TB 1 kwa takriban siku 11.

Badilisha paswadi siku hiyo hiyo. Mwaka wa 2016, kirusi cha Mirai kiliteka maelfu ya kamera na rauta duniani kwa kujaribu tu paswadi za kiwandani.

Jirani naye ana haki

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Sheria hiyo inalegeza kamba kwa matumizi ya nyumbani pekee, lakini kamera inayochungulia dirisha la jirani ni kutafuta kesi. Ielekeze mlangoni kwako, na utumie ile sehemu ya programu inayoziba maeneo usiyotaka yaonekane. Kama unaendesha duka au nyumba ya wageni, weka bango linalosema wazi kuna kamera.

Ukimaliza, subiri usiku uingie. Mwambie rafiki atembee kutoka geti hadi mlangoni, kisha ukague video. Kama humtambui rafiki yako mwenyewe, mwizi hutamtambua. Shuka na kamera kidogo, isogeze mbali na ukuta unaoakisi mwanga wake, na ujaribu tena kabla ya kukaza skrubu za mwisho.