Nani alikata msitu wa Masisi?

Sisi wachimbaji wa Kibua, kati ya Masisi na Walikale, tukisikia «waanzilishi» tunaonyeshwa picha za wazungu wa mashamba: kahawa, chai, pareto. Tangu 1928 Comité National du Kivu ilikuwa inawagawia ardhi, eti ardhi tupu. Tupu namna gani, na Wahunde walikuwa wanaishi humo?

Na nani alikata msitu, alipasua barabara? Kuanzia 1937 Wabelgiji walileta familia toka Rwanda, wakaziweka Gishari. Wengine wakapelekwa mashambani na kwenye migodi. Halafu vita. Mwaka 1942 kazi ya lazima ya wanakijiji ikapandishwa toka siku 60 mpaka 120 kwa mwaka. Kasiterite ilienda vitani, mchimbaji akabaki na kikohozi.

Leo watu wanagombana nani alifika wa kwanza. Siye wa sendika tukizunguka kwa wajane, wanatutolea kitabu cha kazi cha baba mkwe, panya wamekula nusu. Jina, namba, kidole cha wino. Mwenye nacho, tafadhali, asikiwashie moto. Atuletee tunakili lile jina.