Je, Wajua? Umri Umesonga, na Bado Uko Peke Yako

Wenzako uliomaliza nao darasa la saba pale kijijini sasa wanasomesha watoto sekondari. Kazini wamejaa vijana wanaokupa shikamoo kabla hujavuta kiti. Na kwenye kikao cha ukoo hakosekani shangazi wa kuuliza, "Sasa wewe, pilau tutakula lini?" Kama anayesemwa hapa ni wewe, haya nimekukusanyia. Yameniburudisha mno, nikaona dhambi kukaa nayo peke yangu.

Ukifika miaka 35, umewazidi umri Watanzania zaidi ya watatu kati ya kila wanne

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na karibu nusu yao hawakuwa wametimiza miaka 18. Kwa hiyo ukiona stendi nzima, kanisa zima na ofisi nzima imejaa watoto, macho yako hayakudanganyi. Panda ndege sasa uende Japani, nchi ambayo umri wa katikati wa wananchi wake unakaribia miaka 49. Ukishuka tu, wewe ni kijana mbichi! Mwili ni uleule, cheti cha kuzaliwa ni kilekile.

Kwa Umoja wa Mataifa ujana unaisha ukiwa na miaka 24. Kwa Tanzania, 35

Sera yetu ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaanzia hapohapo kwenye 15 lakini zinakata kwenye 24. Mtu wa miaka 30, basi, ni kijana Dodoma na si kijana New York, siku hiyohiyo moja.

Mwalimu Nyerere alifunga ndoa akiwa na miaka 30

Alizaliwa Aprili 1922, akafunga ndoa ya kanisani na Mama Maria Januari 1953. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kusoma Makerere, kufundisha Tabora na kurudi na shahada kutoka Edinburgh. Kumbuka kwamba hata miaka zaidi ya 60 baadaye, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta nusu ya wanawake wameolewa kabla ya kutimiza 20, na nusu ya wanaume wameoa kabla ya 25. Ukiambiwa umechelewa, mtaje Mwalimu.

Wanyakyusa walijenga vijiji kwa marika

Hili ndilo lililonikalisha chini. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walikaa Rungwe miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu kizima juu ya jambo hili. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi hivi, aliacha kulala kwa wazazi. Yeye na wenzake wa rika walijijengea vibanda pembeni, na hicho kikawa kijiji chao. Chakula walifuata kwa mama zao, kundi zima likihama kutoka mlango hadi mlango: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Miaka ilipita, wakaoa, mara nyingi si mapema, na wake wakaletwa hapohapo. Wakazeeka majirani.

Fikiria maana yake. Mtu wa miaka 40 pale hakujikuta peke yake katikati ya vijana wa 20, kwa sababu jirani wa kulia ni rika, wa kushoto ni rika, na aliyechelewa kuoa aliishi na watu waliomjua tangu akiwa na miaka kumi. Sisi tumetawanyika. Mmoja yuko Ngara mjini, mwingine Kahama, mwingine Dar es Salaam, na rika limebaki kwenye kundi la simu.

Roma iliwahi kuwabana makapera kwa sheria yenye majina ya makapera

Mwaka wa 9 baada ya Kristo, chini ya Kaisari Augusto, Roma ilipitisha sheria ya kuwanyima wasiooa baadhi ya haki za urithi. Ilipewa majina ya makonsuli wawili wa mwaka huo, Papius na Poppaeus. Mwanahistoria Cassius Dio anatuambia kwamba wote wawili hawakuwa na mke wala mtoto!

Biharamulo ina makapera wazee wenye pembe

Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 kutokana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Mbogo ni miongoni mwa wanyama wake. Dume la mbogo likizeeka huacha kundi kubwa la majike na ndama, likatembea peke yake au na madume wenzake wawili watatu. Muulize askari wa wanyamapori ni mbogo yupi anamhofia zaidi. Hatakutajia wa kundini.

Upweke unawauma vijana kuliko wazee

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti inayosema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke. Kilele chake kiko kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, wakati wazee wako chini kabisa. Na kuna la kushangaza zaidi: katika nchi za kipato cha chini ni kama asilimia 24 ya watu, ilhali katika nchi tajiri ni kama 11. Tumezoea kuamini kwamba upweke ni wa Wazungu na majumba yao yaliyofungwa. Yule kijana wa bodaboda anayecheka na kila abiria huenda anauhitaji ujirani wako kuliko unavyodhani.

Kuvunja ahadi ya ndoa kunaweza kukufikisha mahakamani

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa kudai fidia ya hasara aliyoipata. Sheria hiyohiyo inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na jamii ikawatambua kama mke na mume, watachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wapo wanaojiita makapera vijiweni ambao kifungu cha 160 kinawatazama kwa jicho jingine.

Na hakuna umri wa mwisho

Sheria hiyo imeweka umri wa chini wa kuoa na kuolewa. Wa juu haikuuweka. Ukiwa na miaka 38, 57 au 80, unachodaiwa ni kilekile anachodaiwa kijana: kutoa taarifa ya nia ya kufunga ndoa, angalau siku 21 kabla.