Bukavu: Ngazi za kila siku zinafundisha hesabu ya mteremko

Katika komini ya Kadutu, mjini Bukavu, wakaaji wengi hawafiki nyumbani bila kupanda ngazi. Zingine ni za simenti, zingine zimechongwa kwenye udongo na kushikiliwa na mifuko ya mchanga. Watoto huzipanda wakibeba bidoni za maji. Lakini darasani, mwalimu akitaja neno la Kifaransa « pente », wengi huona fomula tu ubaoni.

Neno hilo maana yake ni mteremko: namba moja inayoonyesha mahali panapanda kwa ukali gani. Ili kuipata, rula na ngazi vinatosha. Pima kimo cha kipandio kimoja, kisha upana wa pale unapokanyaga. Tuseme kimo ni sentimeta 18 na upana ni sentimeta 30. Gawa 18 kwa 30: unapata 0,6, yaani 60 kwa mia.

Sasa chukua vipandio 10. Umepanda sentimeta 180, umeenda mbele sentimeta 300. Ukigawa, jibu ni lile lile, 0,6. Ngazi iwe fupi au ndefu, mteremko haubadiliki, mradi vipandio vyote vinafanana. Kimoja kikizidi vingine, mguu unashtuka, na ndipo watu hujikwaa, hasa usiku umeme ukikatika.

Kuna wanaodhani mteremko wa 100 kwa mia ni ukuta uliosimama. Sivyo. Ni pale unapopanda mita moja kila unapoenda mbele mita moja, yaani pembe ya digrii 45. Ukuta wenyewe hauna namba: kwenda mbele ni sifuri, na hakuna kugawa kwa sifuri. Uwanja uliolala sawa, huo mteremko wake ni sifuri.

Kwa mji wa vilima kama Bukavu, hesabu hii si ya mtihani peke yake. Mteremko ukiwa mkali, maji ya mvua hushuka kwa nguvu zaidi na kubeba udongo, na nyumba za chini ndizo zinaumia kwanza.

Mwenye kiwanja anaweza kupima mwenyewe kabla ya kuchimba msingi. Achukue ubao wa mita moja, aweke ncha moja ardhini upande wa juu, kisha ainue ncha ya pili. Juu ya ubao alaze chupa nyoofu yenye maji nusu: maji yakilingana pande zote mbili, ubao umelala sawa. Apime kutoka chini ya ncha ya pili hadi udongoni. Ikiwa ni sentimeta 40, mteremko ni 40 kwa mia.

Namba hiyo peke yake haihakikishi usalama, kwani aina ya udongo pia ina uzito wake. Lakini inampa swali la kumuuliza fundi kabla ya kulipa hata franga moja: kwa mteremko huu, maji yatapita wapi?