VIVIMBE VIGUMU VYA MTOTO MCHANGA SI MAJIPU

Wapo watoto wanaozaliwa wamechoka sana. Hawalii, hawapumui vizuri. Hewa iliwapungukia, na ubongo unaweza kuumia. Katika baadhi ya hospitali kubwa mtoto wa namna hiyo hupozwa kwa mitambo. Joto la mwili wake hushushwa mpaka karibu digrii 33 na nusu. Hukaa hivyo saa 72, kisha hupashwa joto polepole.

Msomaji, jambo hili usilijaribu nyumbani! Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watoto 408 katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh. Waliopozwa walikufa wengi zaidi kuliko wasiopozwa. Hapa kijijini mtoto mchanga hukaushwa, hufunikwa na kuwekwa kifuani kwa mama.

Lakini tuseme mama amerudi kutoka hospitali na mtoto aliyepozwa. Baada ya siku au majuma machache, anapomwogesha, anagusa vivimbe vigumu mgongoni, mabegani, matakoni, mapajani au mashavuni. Ni nini hivyo? Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mtoto mchanga huganda upesi kuliko yetu watu wazima, kama samli asubuhi ya baridi. Yakiganda huumia, na pale hufanyika kivimbe. Watoto waliozaliwa kwa taabu bila kupozwa nao huweza kuvipata.

Usivikande kwa maji ya moto. Usivitumbue wala kuvichanja. Vingi hulainika na kwisha vyenyewe baada ya majuma au miezi.

Hatari yenyewe imo katika damu. Vivimbe hivyo huweza kuufanya mwili ufyonze kalisi nyingi mno. Kalisi hujenga mifupa, lakini ikizidi huumiza figo. Mtoto hukataa ziwa, hutapika, hapati choo, hukojoa mno, hulegea, haongezeki uzito. Bibi na majirani watasema ana mchango, na dawa za mizizi zitachemshwa. Zikatae kwa adabu. Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo akapimwe kalisi ya damu.

Hata asipoonyesha dalili, mtoto mwenye vivimbe apimwe, tena apimwe mara kwa mara. Kalisi huweza kupanda wakati vivimbe vinalainika, na mama anadhani amepona. Matone ya vitamini D au dawa ya kalisi asipewe mpaka daktari aseme. Ziwa aendelee kupewa, hata njiani. Na ile karatasi ya hospitali alikozaliwa, mama, usiisahau nyumbani.