Mshauri wa Kesi Anauza Nini Hasa?

Nchini Marekani, kesi ya mauaji au ya fidia ya mamilioni ya dola huweza kuamuliwa na jopo la raia wa kawaida, mara nyingi 12, wasiosomea sheria wala kulazimika kueleza sababu za uamuzi wao. Hofu ya kutojua watu hao watafikiri nini ndiyo iliyozaa kazi ya mshauri wa kesi, mtaalamu wa saikolojia au sosholojia anayekodiwa na mawakili kuchuja wanajopo na kupanga hoja. Kazi hii haihitaji leseni, na hujinadi zaidi kwa ustadi wa kuchagua watu. Lakini faida yake kubwa ni kumwonyesha mteja mapema kesi yake inavuja wapi.

Kesi iliyoipa sifa yenyewe inatoa onyo. Mwaka 1972, huko Harrisburg, Pennsylvania, padri Philip Berrigan na wenzake, wapinzani wa vita vya Vietnam, walishtakiwa kwa kula njama, ikiwemo ya kumteka Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa taifa wa rais. Mwanasosholojia Jay Schulman na wenzake waliwahoji mamia ya wakazi, wakawaeleza mawakili ni mtu wa aina gani wa kumtaka na yupi wa kumkwepa. Katika shtaka kuu jopo halikuafikiana: 10 walitaka kuwaachia, 2 wakakataa. Hata hivyo, mmoja wa hao 2 alikuwa mama ambaye wanawe walikataa jeshi kwa sababu ya dhamiri. Kwa vipimo vya karatasi, huyo alikuwa mtu wao. Tangu utafiti wa Kalven na Zeisel wa 1966 kuhusu majopo ya Marekani, wasomi wamezidi kuona kwamba uzito wa ushahidi hutabiri hukumu kuliko umri, kazi au dini ya mwanajopo. Isitoshe, wakili hachagui, anaondoa tu. Katika kesi ya madai ya shirikisho, kila upande kwa kawaida huruhusiwa kuondoa watu 3 bila kutoa sababu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kuondoa mtu kwa rangi yake mwaka 1986 na kwa jinsia mwaka 1994, na jimbo la Arizona lilifuta kabisa uondoaji wa bila sababu kuanzia 2022.

Mtetezi wa fani atataja kesi ya mauaji ya 1995 dhidi ya nyota wa michezo O.J. Simpson: utetezi ulimtumia Jo-Ellan Dimitrius, mwendesha mashtaka Marcia Clark akaupuuza ushauri wa mtaalamu wake, na Simpson akaachiwa. Ni kweli jopo lilikuwa na uzito wake. Lakini jopo hilohilo liliona glovu ya ushahidi ikigoma kuingia mkononi mwa Simpson na likasikia matusi ya kibaguzi ya mpelelezi. Kesi moja yenye mambo mengi hivyo haiwezi kuthibitisha kipaji cha kuchuja watu.

Thamani inaonekana kwenye kesi ya majaribio. Wakazi wa eneo husika hulipwa kukaa siku nzima, wakasikiliza muhtasari wa pande zote mbili, wakajaza dodoso kila hatua, kisha wakajadiliana huku mawakili wakiwatazama nyuma ya kioo. Hapo hoja aliyoienzi wakili huweza kupita bila kutajwa, na barua pepe aliyoiona ndogo ikawa gumzo. Makadirio ya fidia yanayotoka humo si utabiri, maana kundi ni dogo. Ila yanatosha kumfanya mteja mkaidi afikirie suluhu. Kwa kuwa kesi nyingi Marekani huisha bila kufika mbele ya jopo, hilo ndilo soko lenye mantiki.

Wapo wanaosema huduma hii inawapa matajiri haki ya ziada. Hoja hiyo ina nguvu, hasa pale mshtakiwa anapotegemea wakili wa utetezi anayelipwa na serikali, asiye na bajeti ya mtaalamu. Lakini dawa si kuwazuia mawakili kupima hoja zao, bali majaji kuidhinisha fedha za huduma hiyo kwa wasiojiweza. Kwa mteja mwenye fedha, swali la kumuuliza mshauri ni moja: utaniambia nini kuhusu kesi yangu ambacho wakili wangu hataki kukisikia?