Mparachichi Uliobabuka Majani: Kisa cha Ua Mmoja wa Mugutha

Mugutha, baina ya Ruiru na Thika, ni nchi inayobadilisha vazi lake. Palipokuwa na mashamba ya kahawa leo pana vijia vya murramu, kuta za mawe na vigae vipya, na kila familia ihamiayo huko hutamani kuacha kipande cha ardhi kwa ajili ya miti miwili mitatu. Mdogo wangu, aliyehama Mombasa na mumewe miaka sita iliyopita, alipanda mparachichi aina ya Hass wiki ile ile ya akika ya mwanawe wa kiume. Mtoto sasa ana miaka minne na huuita mti ule wake. Kwa hivyo aliponipigia simu mwishoni mwa Januari na kuniambia, "Dada, mti wa mwanao unaungua," nilijua si mti tu unaomhangaisha.

Majani yalikuwa yameanza kukauka ncha. Hudhurungi ile ikapanda kingo kwa kingo hadi nusu ya jani, kana kwamba limepitishwa juu ya moto wa mshumaa. Alikuwa amekwisha kufanya mambo matatu kabla ya kuniuliza: kuongeza maji asubuhi na jioni, kutia mbolea ya dukani konzi mbili shinani, na kununua dawa ya ukungu kwa ushauri wa jirani. Nilimsihi aifungie dawa kabatini mpaka nifike.

Kuungua kwa majani si jina la ugonjwa mmoja. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Maji huingia mtini kwa mizizi, hupanda, husambaa katika mishipa ya jani na mwisho huvukia hewani. Ncha na kingo ndizo kituo cha mwisho cha safari hiyo. Upepo mkavu na jua kali vikiyavuta maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, ncha ndiyo hukosa kwanza. Na ikiwa maji yenyewe yana chumvi, maji huvuka na chumvi hubaki pale pale nchani, ikirundikana siku baada ya siku. Aliyewahi kupita Gongoni, kaskazini mwa Malindi, akaona mabwawa ya chumvi yakikaushwa na jua, ameona kwa ukubwa kile kinachotendeka kwa udogo ndani ya jani.

Basi kazi ya kwanza ni kutambua. Jani lililobabuliwa na ukame au chumvi hukauka kwa mfululizo kutoka ukingoni kuelekea ndani, bila duara, bila unga, bila wadudu mgongoni mwa jani. Ukungu aghalabu huanza kwa madoa yaliyotawanyika katikati ya jani na kwenye matunda pia. Upepo na jua huunguza zaidi upande mmoja wa mti, ule unaovikabili. Chumvi haichagui upande: huanza na majani makongwe, na majani hayo huanguka kabla ya wakati wake. Upungufu wa potasiamu nao huunguza kingo za majani ya zamani, na ndiyo sababu wengi hukimbilia mbolea. Lakini mbolea ya dukani yenyewe ni chumvi. Ukiitia katika udongo mkavu wakati wa kiangazi, huvuta maji kutoka mizizini badala ya kuyapeleka.

Liko jambo jingine la hatari zaidi, nami ndilo nililoliogopa njia nzima ndani ya basi. Mparachichi una mizizi ya kulishia iliyo karibu sana na uso wa ardhi, mingi yake isiyozidi kina cha shubiri moja, na haupendi kabisa kusimama majini. Udongo ukilowa mfululizo, kimelea kiitwacho fitofithora huiozesha mizizi hiyo. Mti usio na mizizi hauwezi kunywa, basi majani hunyauka na kukauka ilhali ardhi imejaa maji. Mwenye mti huona kiu, huongeza maji, na maji yale ndiyo humaliza kazi. Miti mingi ya nyumbani hufa kwa huruma ya namna hii.

Kupima ni rahisi, wala hakuhitaji chombo zaidi ya mkono. Fukua kwa upole chini ya mwisho wa kivuli cha matawi, kina cha kiganja na vidole. Ukiufumbata udongo na ukavunjika kama unga, mti una kiu. Ukitiririka maji, umezidishiwa. Kisha tazama vijizizi: vilivyo hai ni vyeupe au rangi ya maziwa, vilivyooza ni vyeusi na hukatika kama vijiti vikavu. Tulifukua, mimi na mdogo wangu, mtoto akitushikia kijiko cha bustani. Udongo ulikuwa na unyevu wa kadiri. Vijizizi vilikuwa vyeupe. Nilishusha pumzi, ila sasa swali likawa gumu: si kiu, si kuoza, na mti umeungua pande zote sawasawa.

Jawabu lilikuwa ndoo ya buluu kando ya mlango wa jikoni. Nyumba yao hutumia maji ya kisima kirefu. Visima vingi vya ukanda huu wa Nairobi na Kiambu hutoka katika miamba ya volkano, na maji yake mara nyingi yana floraidi na sodiamu kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi katika maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi hapo kwa miaka, huyatia meno ya watoto madoa ya hudhurungi yasiyofutika. Kwa kuchelea hayo walinunua mashine ya kuchuja maji, na hapo walifanya vyema. Mashine za namna hii, hata hivyo, hugawa maji mafungu mawili: safi ya kunywa, na mengine ya kutupwa, aghalabu lita mbili, tatu au zaidi kwa kila lita moja inyweshwayo. Chumvi iliyotolewa katika lita ile safi haipotei. Huhamia katika yale ya kutupwa. Mdogo wangu, aliyelelewa na mama asiyemwaga hata maji ya kuoshea mchele, aliona ni israfu kuyamwaga, akayakinga ndooni na kuumwagia mparachichi kila siku tangu mvua za vuli zilipokatika. Na katika miti ya matunda, mparachichi ni miongoni mwa iliyo dhaifu kabisa mbele ya chumvi.

Alinyamaza kitambo, akasema, "Kumbe nilikuwa nikimlisha sumu." Nilimwambia si sumu, ni chumvi, na chumvi huoshwa.

Tuliondoa mbolea iliyokuwa bado juu ya udongo. Siku ya maji ya mfereji tulimimina ndoo tano za lita ishirini polepole, kuzunguka mwisho wa kivuli na wala si shinani, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Tukarudia baada ya wiki. Hili lafaa tu pale udongo unapopitisha maji, kama ule mwekundu wa kwao. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi ungeuzamisha mti. Tulitandaza majani makavu na nyasi unene wa shubiri nusu, tukaacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisipate kuoza. Maji ya mashine sasa huoshea baraza na choo. Majani yaliyoungua hatukuyapogoa, kwa kuwa nusu iliyo kijani bado inafanya kazi, na huyafunika matawi yasichomwe na jua.

Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wasidhani haya ni ya bara peke yake. Visima vilivyo karibu na bahari huzidi chumvi wakati wa kaskazi, na mlimau wa uani huonyesha hilo mapema. Mnazi hustahimili, mlimau na mparachichi havistahimili. Mwenye tangi la maji ya mvua na ayawekee miti hiyo. Maji ya udhu hayana sabuni na yafaa sana, mradi kisima chenyewe si cha chumvi.

Mvua za masika ziliposhika, nilipigiwa simu tena. Mtoto ndiye aliyeongea: "Khalati, mti wangu una majani mekundu!" Mama yake alidhani ni ugonjwa mwingine. Machipukizi ya mparachichi huanza na wekundu wa shaba kabla ya kuwa kijani. Majani ya zamani bado yana ncha kavu, wala hayatapona. Yataanguka kwa zamu yake.