Herufi za Jina na Siri ya Kujithamini

Mwanafunzi wa chuo kikuu akiulizwa kama anajiona mtu wa thamani, atajibu. Shida ni kwamba anajua anachoulizwa. Hojaji ya kujithamini ya Morris Rosenberg ya mwaka 1965, yenye kauli 10 tu, imeenea dunia nzima. Lakini mwenye majivuno hujipandisha, mwenye haya hujishusha, na karatasi haiwezi kuwatofautisha.

Mbelgiji Jozef Nuttin alipitia mlango wa nyuma. Mwaka 1985 alichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa herufi mbilimbili na kutakiwa kuchagua upesi ile waliyoipenda. Bila wenyewe kujua, waliegemea herufi za majina yao. Miaka miwili baadaye alionyesha mwelekeo huohuo katika lugha 12 za Ulaya.

Baadaye, wakichukulia kwamba anayejithamini huzipenda herufi za jina lake, watafiti walianza kumpa mshiriki abjadi nzima aitie alama, herufi kwa herufi. Ujanja uko kwenye hesabu: alama ambazo Juma ameipa J hulinganishwa na wastani wa wale wasio na J majinani mwao. Pasipo hesabu hiyo, X ingeonekana haipendwi na Mswahili yeyote, kumbe haimo hata katika abjadi yake.

Marekani, Anthony Greenwald na Shelly Farnham walitumia kompyuta mwaka 2000. Maneno hutokea kwenye skrini na mwanafunzi huyapanga kwa vitufe viwili. Kwanza maneno yanayomhusu yeye hushiriki kitufe na mambo mazuri. Kisha mpangilio hugeuzwa, yakae na mabaya. Wengi hapo mikono huwa mizito, na kule kuchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde ndiko kunakopimwa: anayechelewa zaidi huhesabiwa kuwa anajithamini zaidi. Kwa njia hii, utafiti wa mwaka 2007 uliwakuta wanafunzi wa Japani, ambao kwenye hojaji hujipa alama za chini, hawako nyuma ya Wamarekani hata kidogo.

Inavutia, ila kuna doa. Mwaka 2000 Jennifer Bosson na wenzake waliwapima wanafunzi walewale kwa vipimo kadhaa vya aina hii, na matokeo hayakupatana: aliyepata alama za juu kwenye herufi aliweza kuwa chini kwenye kompyuta. Makala yao iliwataja vipofu wanaompapasa tembo, kila mmoja akigusa sehemu yake tu. Ilipofika 2011, mapitio ya tafiti aliyoshiriki William Swann, mmoja wa wenzake Bosson, yalikuwa makali zaidi: ushahidi kwamba herufi na kompyuta hupima kujithamini kwenyewe ni hafifu. Kwa mshauri wa wanafunzi, basi, zile kauli 10 za Rosenberg bado ndizo za kuanzia.